Nanasi Sebuleni, Mama Chumbani

Kina mama mtanivumilia leo, maana naingia sebuleni kwenu bila hodi. Na kina baba msicheke, sebule hizo ni zenu pia.

Alikuwepo mama mmoja, katika mji kama huu wetu. Msigeuke kutazamana, hayupo hapa. Alikuwa na nyumba safi, makochi yenye vitambaa vya kufuma, sakafu inayong'aa hadi unaona aibu kuikanyaga na viatu. Na alikuwa akimtunza mama mkwe wake. Bibi yule alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza, akawa mtu wa kitandani katika chumba kilichopakana na sebule. Hapo tuwe wakweli: alimtunza hasa. Alimwogesha, alimbadilishia mashuka, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, wala hakunung'unika. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Shida ilikuwa moja. Chumba cha mgonjwa kina harufu yake, ndugu zangu, hata ukideki mara tatu kwa siku. Kuna dawa ya kuchua, kuna mkojo, kuna godoro lisilokauka vizuri msimu wa mvua. Naye aliogopa sana watu wasije wakatoka kwake wakisema nyumba ile inanuka.

Siku moja akaona dukani vile vipande vya nta vyenye harufu ya matunda. Mnavijua? Unaweka kipande kwenye kibakuli cha udongo, chini yake unawasha mshumaa mdogo, nta inayeyuka taratibu na nyumba nzima inanukia. Kulikuwa na ya embe, ya pasheni, ya nanasi. Akachukua ya nanasi. Jamani, ilikuwa na harufu! Ukikaa pale mate yanakujaa, unachungulia jikoni kuona nani anamenya.

Ikawa ndiyo desturi. Wageni wakikaribia, anawasha nta, anafunga mlango wa chumba cha bibi, anavaa kitenge kizuri. Wakiuliza, "Mama hajambo? Tungependa kumsalimia," anajibu kwa upole, "Mama amelala. Jana hakupata usingizi, tusimwamshe." Nao wanashusha sauti, wanakunywa chai, wanaisifu nyumba.

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, walikuja watu kumi na wanane. Akayeyusha vipande vitatu. Ibada ilipokaribia kwisha, akasimama akalia mbele yao.

"Ndugu zangu, nisaidieni kumwombea mama. Siku hizi haongei. Chakula anaonja tu. Daktari amempima, haoni ugonjwa mpya. Naona ananiponyoka hivihivi."

Machozi yale yalikuwa ya kweli, alimpenda bibi yule. Basi wakasimama wote, wakanyoosha mikono kuelekea kwenye mlango uliofungwa, wakaomba kwa sauti kubwa. Kisha wakala maandazi, wakaenda zao. Hivi, mnadhani bibi hakuwasikia? Kuta za nyumba zetu si mnazijua?

Wiki hiyohiyo, Jumatano asubuhi, yule mama akajiuliza kwa nini harufu nzuri iwe ya wageni tu. Akaona leo amfurahishe mama. Akakibeba kibakuli, akakiweka dirishani chumbani kwa bibi, akawasha. Nanasi likajaa chumba. Akaketi ukingoni mwa kitanda, amwone akitabasamu.

Bibi alivuta pumzi mara moja. Kisha, kwa ule mkono wake mmoja mzima, akavuta shuka hadi kidevuni, akageuzia uso ukutani, akafumba macho.

"Mama, vipi? Unajisikia vibaya?"

"Hapana, mwanangu."

"Au harufu hujaipenda? Nizime?"

"Ni nzuri sana. We nenda kapokee wageni wako. Mimi nimeshalala."

"Wageni gani, Mama? Leo hatuna mgeni."

Bibi hakufumbua macho. "Hiyo harufu ikija, watu nao wanakuja, nawe unawaambia nimelala. Basi huwa najilaza kimya, nisije nikakohoa ukaonekana mwongo mbele za watu. Umenitendea mema mengi, mwanangu. Hilo nalo nisikufanyie?"

Yule mama akazima mshumaa. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, na ilimuuma zaidi kwa sababu hakulaumiwa. Kumbe daktari alikuwa sahihi, hapakuwa na ugonjwa mpya. Bibi alikuwa anakonda kwa kukosa kuamkiwa. Tangu lini hajasikia "shikamoo" ya mtu wa nje?

Sasa mimi sina ugomvi na nta. Nyumba inukie, ni vizuri, washeni hata ya embe. Lakini wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji tuliyemfungia mlango atapona saa ngapi? Na sisi tunao tunaowalaza. Mtoto mwenye ulemavu, wageni wakija tunasema yuko kwa shangazi. Kaka aliyerudi kutoka gerezani tunasema amesafiri, na yuko hapohapo nyuma ya pazia, kabana pumzi. Wanatusaidia kudanganya, ndugu zangu, kwa sababu wanatupenda. Sisi tunaona wametulia, tunamshukuru Mungu kwa amani ya nyumba!

Bwana wetu alipoingia nyumbani kwa mwanafunzi wake, mama mkwe alikuwa kitandani na homa. Watu wa nyumba ile hawakusema amelala. Walimweleza, naye akaenda mpaka pale kitandani, akamshika mkono. Huyo ndiye mgeni tunayemwimbia kila Jumapili aje kwetu. Nawahakikishia, akija hatakaa kwenye kochi. Atauliza chumba kile kuna nani, na hatuwezi kumjibu kwa kunong'ona kwamba amelala.

Kwa hiyo msinisubiri mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda nyumbani. Kabla hujala, fungua huo mlango na uuache wazi. Na mgeni akija akakunja pua, usimwombe radhi. Mwekee kiti karibu zaidi na kitanda.