Kiti Kimoja cha Bwana Mbaraka

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kumtafuta sungura na fisi, maana zamani hii ni ya majuzi tu na wenyewe wako hai na wakinisikia watanijia juu. Hapo zamani palikuwa na mji mdogo uitwao Kwamsala, na katika mji huo palikuwa na kiwanda cha mashati. Kaeni vizuri. Mwenye usingizi akalale kwake, asinikoromee hapa.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Mbaraka, mtu mpole, mwenye tumbo la kutangulia na machozi ya karibu. Wafanyakazi walikuwa wengi, lakini hadithi hii ni ya watatu. Zamoyoni alikata vitambaa. Siwatu alishona kola. Bi. Hidaya, mkubwa wao kwa umri, alitoboa matundu ya vifungo na kuvishona vifungo vyenyewe. Zamoyoni hakujua kola. Siwatu hakujua matundu. Bi. Hidaya hakujua kukata. Miaka nenda miaka rudi mashati yakatoka pale kwa marobota, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushona shati zima. Mnacheka? Ndivyo kiwanda kilivyo. Kila mtu na kipande chake.

Siku moja Bwana Mbaraka akawaita wote uani.

"Wanangu," akasema, "nimeshindwa. Mashati ya ng'ambo yanauzwa sokoni kwa bei ambayo mimi sipati hata uzi. Nimepata kiwanda hukohuko, watanishonea wao, mimi nitauza tu. Mashine zinaondoka na meli."

Akaanza kulia. Basi ikawa kituko, waliofukuzwa kazi wanambembeleza aliyewafukuza. "Nyamaza, Bwana, nyamaza, utapandisha presha." Na mashine walizifungasha wao wenyewe. Bi. Hidaya aliifuta ya kwake kwa khanga yake, kila pembe, kabla haijaingia kwenye sanduku. "Isifike chafu," akasema, "wakasema huku ilikotoka hatukulelewa." Kisha kila mtu akarudi nyumbani na mikono yake mitupu.

Sasa tumfuate Siwatu. Siwatu alikuwa mjane, na marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Zamoyoni. Alikuwa akiishi chumba cha kupanga pamoja na mama yake, Bi. Mwanjaa, mwenye presha na ulimi mkali. Kazi isingepatikana, chumba kingekwenda. Na chumba kikienda, hapakuwa na pengine ila shamba la mbali, juu kule milimani, ambako zahanati ni safari ya kutwa.

"Mimi shamba sirudi," Bi. Mwanjaa alikuwa akisema kila asubuhi. "Niliondoka kule nikiwa na meno. Nirudi nikatafune nini?"

Siwatu alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu. Mama yake alishaanguka mara moja, na kama si hospitali kuwa jirani, leo angekuwa anaitwa marehemu. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Majirani nao walidhani wamepata fundi. Mama Tunu akaleta kitambaa: "Siwatu, nishonee shati la mume wangu, tuna harusi." Siwatu akaona haya kusema hajui. Akashona. Kola ikatoka, nawaambieni, kola ya kuvaliwa na bwana harusi mwenyewe! Lakini mwili ukawa kama gunia, na mkono mmoja ukapita vidole. Maskini mume wa Mama Tunu alikula harusi nzima mkono ukiwa mfukoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta tena kitambaa.

Meli ikarudi na mashati. Jamani, mashati gani yale! Hili mkono mmoja mfupi, lile kola imejikunja, jingine vifungo vinadondoka ukivitazama tu. Wateja wakaanza kuyarudisha dukani, wengine kwa matusi. Bwana Mbaraka akakumbuka watu wake. Mashine zote ziliondoka, isipokuwa cherehani moja ya zamani ya marehemu mama yake, aliyokuwa ameibakiza kwa mapenzi tu. Akaiweka dukani, akaweka na kiti, akatangaza.

"Nataka mtu wa kuyarekebisha mashati kabla hayajauzwa. Kazi ya kudumu. Mtu mmoja tu. Wawili siwezi, nimebanwa."

Wafanyakazi wengi walikuwa wameshahama mji. Waliokuja ni watatu: Zamoyoni, Siwatu, Bi. Hidaya. Wakatazamana, wakasalimiana, wakaoneana haya. Bwana Mbaraka akampa kila mmoja shati moja bovu la rangi ileile ya maji ya bahari. "Nileteeni Ijumaa asubuhi. Atakayeleta shati zima, kiti ni chake."

Siwatu akafika nyumbani, akaketi mlangoni, akaifumua kola kwanza, maana ndiyo aliyoijua. Akatazama nyuzi. Mshono ulianza vizuri, umetulia, umenyooka. Halafu katikati ukaanza kukimbia, hapa umeruka, pale umepanda. Siwatu akajua kabisa. Huyu aliyeshona kazi anaijua, ila kuna mtu alisimama nyuma yake akimharakisha.

"Pole, mwenzangu," akasema.

"Unaongea na shati?" akauliza Bi. Mwanjaa.

"Naongea na aliyelishona."

"Mwambie basi aturudishie kazi yetu."

"Hakuichukua yeye, mama. Kapewa tu, kama nilivyopewa mimi. Na inaonekana hata chai hawampi nafasi ya kunywa."

Bi. Mwanjaa akaguna, akasema, "Basi mshonee vizuri, asiaibike."

Siwatu akaishona kola ile kwa sindano ya mkono mpaka ikasimama yenyewe. Lakini baada ya hapo? Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, umeishia juu ya kifundo. Matundu yalikuwa yamezibwa na nyuzi, na vifungo karibu vyote vimepasuka. Akalizungusha shati, akalizungusha tena. Mwisho akajifunga khanga, akaenda kwa Zamoyoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji!" Nyumba ya Zamoyoni imejaa watoto, utasema shule ya chekechea. Akawafukuza kwenye mkeka. "Haya, nionyeshe."

Akalitazama shati. "Mkono huu haurefuki kwa dua, shemeji. Unataka kitambaa, na kitambaa chenyewe cha rangi hii, hapa mjini hakuna."

Juu ya meza palikuwa na shati la Zamoyoni mwenyewe, la rangi ileile. Lilikuwa zuri kote, ubovu wake ulikuwa kola tu.

"Nakata kipande kwenye pindo la hili langu, nyuma," akasema Zamoyoni. "Mtu akichomekea, nani ataona? Na wewe utanishonea kola yangu. Tutakwenda wote na mashati mazima, Bwana Mbaraka ajijue mwenyewe."

Siwatu akafurahi, akashika kola ya Zamoyoni tayari kuifumua. Zamoyoni akachukua mkasi, akalikunja shati, akalilaza, akakata.

Sasa nisikilizeni. Mtu huyu tangu ajifunze kazi hajawahi kukata kitambaa kimoja. Kiwandani alitandika kitambaa juu ya kitambaa mpaka kirundo kinamfika kifuani, ndipo anakata vyote kwa pamoja. Mkono wake haujui kitu kinachoitwa safu moja. Akakata kwa nguvu zake zote, akapitisha mkasi mgongo na kifua kwa pamoja. Alipolikunjua, shati lilikuwa na dirisha.

"Lo!" akasema Siwatu.

Zamoyoni akalitazama. Akaingiza kichwa kwenye lile dirisha, akachungulia upande wa pili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka watoto wakaja kuona. Siwatu alimtazama usoni asijue ni kicheko au ni kilio. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akaona, akarudi ndani.

"Zamoyoni, chukua langu," akasema Siwatu. "Kola nimeshamaliza."

"Nalo nilitoboe?" Akajifuta macho. "Acha, shemeji. Kitambaa sasa kipo tele. Lete huo mkono."

Akapima, akakata upya, safari hii taratibu, akamwonyesha Siwatu pa kuunga ili mshono ujifiche. Mkono ukafika panapotakiwa. Siwatu alitoka pale ana furaha na anajiona mwizi, yote mawili kwa pamoja.

Alhamisi mchana akaenda kwa Bi. Hidaya. Redio ilikuwa ikisema peke yake.

"Shikamoo, Bi. Hidaya."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja. Kola unayo, mkono umeupata kwa yule mpiga kelele, umebakiwa na kwangu."

Shati la Bi. Hidaya lilining'inia msumarini. Matundu yake yalikuwa yameshakamilika, mazuri ya kutia wivu, na vifungo vyote vizima. Lakini mabega yalikuwa yamepishana.

"Hilo ni la kumvalisha aliyelalia upande," akasema Bi. Hidaya. "Bila Zamoyoni halinyooki, na kwa Zamoyoni sikwenda. Kuomba sijazoea."

"Nilipeleke mimi, sasa hivi!"

"Leo Alhamisi, mama, na jua lile linashuka. Umalize langu au lako?"

Siwatu akalitoa shati lake. "Basi nishonee matundu, Bi. Hidaya, tafadhali."

"Sikushonei. Nikikushonea, kesho ukipewa kiti utakuja kunigongea mlango kwa kila tundu. Kaa hapa. Shika sindano."

Akamfundisha. Siwatu akajichoma, akafumua, akarudia, akagombezwa kama mtoto. "Usivute! Uzi si kamba ya mbuzi!" Tundu la kwanza lilikuwa baya. La mwisho, Bi. Hidaya alilipitisha kidole, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kusifu. Kisha akalishusha shati lake msumarini, akakata vifungo vyake kimoja kimoja, akavitia kwenye kiganja cha Siwatu.

"Unajua kilichonipeleka kuomba ile kazi?" akauliza. "Shibe ya mtu mmoja ninayo, si haba. Lakini kiwandani nilikuwa nasalimiwa kutwa. Hapa nyumbani ni redio, nayo ukiisemesha haijibu."

Ijumaa asubuhi wakakutana dukani wote watatu. Siwatu ana shati. Zamoyoni na Bi. Hidaya wamekuja mikono mitupu, wamekuja kwa sababu nyumbani walishindwa kukaa.

Bwana Mbaraka akalishika shati. Akaipinda kola, ikarudi yenyewe. Akavuta mikono, ikalingana. Akafunga vifungo, akafungua.

"Mashallah! Siwatu, hili umelishona wewe?"

Na hapo ndipo pagumu. Neno lenyewe ni fupi: ndiyo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nyumbani Bi. Mwanjaa alikuwa amekaa juu ya kitanda chao anasubiri kuambiwa kama anabaki au anahama. Siwatu akawatazama wenzake. Zamoyoni alikuwa anatazama dari. Bi. Hidaya alikuwa anatazama ndala zake. Hakuna hata mmoja ambaye angemkana.

"Tumelishona, Bwana," akasema Siwatu, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote.

Bwana Mbaraka akatoa leso, mnamjua tena. Wakamwomba: tugawane, kila mtu na zamu yake. Akakataa. "Kazi hii inamshibisha mmoja. Nikiikata vipande, nitakuwa na watu watatu wenye njaa. Na mimi kuchagua siwezi, nyote wanangu. Naenda kuswali rakaa mbili. Nikirudi nikute mtu ameketi hapo." Akatoka.

Wakabaki na kiti. Zamoyoni ndiye aliyeanza.

"Mimi sina unafiki. Nina watoto wanaokula kama nzige. Shati langu lilibakiwa na kola tu, na kola shemeji angenishonea. Nimelipoteza kwa ajili ya mkono wa shati lake. Kiti ni changu."

"Ulilipoteza kwa mkasi wako!" akasema Bi. Hidaya. "Nani alikwambia ukate dirisha?"

"Na baada ya dirisha, si ningeweza kukunja mikono? Ni nani aliyeurefusha huo mkono?"

"Haya. Mimi nimempa Siwatu ujuzi wangu, na vifungo vyangu nimevikata nikijua nakikata kiti changu. Wewe ulitoa kwa bahati mbaya, mimi nimetoa kwa kusudi. Na mtu aliyebakiza miaka michache, anaomba tu asalimiwe. Kiti ni changu."

Siwatu akajifuta pua. "Nawapenda, mnajua. Lakini leo kati yetu ni nani anayejua kola, na kuunga mkono, na matundu? Kesho akikaa mwingine hapa, atakwama kwenye kola. Na ningesema ndiyo, saa hizi ningekuwa nimekaa. Sikusema. Na mama yangu akipelekwa kule milimani, nitamzika. Kiti ni changu."

Zamoyoni akakivuta kiti mbele, akakipangusa vumbi kwa kiganja, asikae. Bi. Hidaya akakinyoosha kielekee cherehani, asikae. Siwatu akakishika mgongo, naye asikae. Nje, makubadhi ya Bwana Mbaraka yakasikika yanakuja, taratibu, kama ya mtu asiyetaka kufika.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka. Na asiniambie mtu "wote," maana hilo la wote liliombwa likakataliwa, mmesikia. Makubadhi yako mlangoni na kiti ni kimoja. Je, nani alistahili kukaa?