Siwema na Wimbo wa Kuvuta Mvule

Paukwa!

— Pakawa!

Mh! Hao ni watu au ni nzi? Paukwa!

— Pakawaaa!

Naam, hapo nimewasikia. Hapo zamani za kale, babu wa babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kilichokatwa na mto. Nyumba upande huu, mashamba upande ule. Kiangazi watu walivuka kwa miguu. Masika mto ukifura, avuke nani? Mwaka mmoja mto ulichukua mama na wanawe wawili, na hata leo hawajaonekana.

Watu wakasema, "Basi! Tuweke daraja." Wakapanda mlimani, wakaangusha mvule. Mvule gani! Watu sita washikane mikono, hawauzunguki. Wakaupogoa, wakaufunga kamba, watu themanini wakashika. Huyu anavuta, yule anapumua. Yule anavuta, huyu anapumua. Gogo kimya! Wakavuta kwa hasira. Kamba ikakatika, pwaa! Mzee Shomvi akavunjika mguu.

"Gogo huvutwa kwa wimbo," wazee wakasema, "na mwimbishaji wetu tumemzika. Mwiteni Siwema."

Siwema huyo alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti tamu. Akiimba kisimani, wenzake husahau mitungi mpaka ikafurika. Alipoitwa, moyo ulimruka. Akasimama mbele ya watu themanini, akauimba wimbo wa kuvuta, beti saba, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wakampigia makofi.

"Haya, sasa ninyi!"

Lo! Huyu yuko ubeti wa pili, yule wa tano, na wengine wanafungua vinywa tu.

"Siyo hivyo! Nisikilizeni mimi!"

Akaimba tena. Kadiri alivyopaza sauti ndivyo nao walivyopiga kelele. Siku ya tatu akamnyooshea kidole Pandu mfua chuma, aliyekuwa na sauti ya kukwaruza kama kunguru.

"Wewe Pandu, nyamaza! Unatuharibia wimbo."

Pandu akaiweka kamba chini. Akaenda zake. Na ndugu zake saba, wenye mikono minene kuliko wote, wakamfuata. Siwema akatazama juu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Akakimbia hadi kwa Bibi Mkejina. Bibi huyu alikuwa amewafundisha watu wa kijiji kile nyimbo za harusi na za kulima, mama kwa binti, baba kwa mwana. Sasa sauti ilikuwa imemkauka. Alizungumza kwa mkwaruzo tu. Siwema alimkuta anatwanga mtama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

"Watu wale hawana masikio, Bibi!"

"Umewaimbia beti ngapi?"

"Zote saba."

"Na wewe, umewasikiliza?"

"Niwasikilize nini, na hawajui kitu?"

Bibi akampa mchi wa pili. "Twanga nami."

Tu! Tu! Kwaa! Michi ikagongana.

"Taratibu. Nitazame bega. Ninapopumua, nawe pumua."

Tu, tu. Tu, tu. Tu, tu! Haikuchukua muda, michi ikapishana kama miguu ya mtu mmoja. Siwema akashtuka mwenyewe, akacheka.

"Umeona?" Bibi akasema. "Nimekufundisha bila wimbo. Anza na mguu. Kisha pumzi. Maneno yaje nyuma, tena kidogo kidogo. Mtoto humnyweshi chungu kizima cha uji kwa mara moja."

"Na Pandu, Bibi? Pandu hajui kuimba."

"Anajua kufua chuma?"

"Hakuna kama yeye."

"Mfua chuma hupiga nyundo ovyo ovyo?"

Siwema akatikisa kichwa.

"Kamwombe radhi. Ulimwaibisha mbele ya watu, basi nawe mwombe mbele ya watu."

Jambo hilo lilimwia chungu kama shubiri. Lakini asubuhi akaenda, watu wamejaa pale kiwandani kwa Pandu wakisubiri majembe yao.

"Kaka Pandu, nilikukosea. Nisamehe."

Pandu akaendelea na kazi. Ngo! Ngo! Ngo! Siwema akasimama pale, akasikiliza. Pigo halikukimbia, halikuchelewa. Ngo! Ngo! Ngo! Mguu wake ukaanza kucheza wenyewe.

"Pigo hilo!" akapiga ukelele. "Hilo hilo ndilo nilitakalo!"

Pandu akamtazama. Tabasamu likamponyoka. "Nije na nyundo?"

"Njoo na nyundo, na ndugu zako wote!"

Wakakusanyika mlimani, Bibi Mkejina naye akaketi pembeni. Pandu akapiga nyundo kwenye chuma, watu wakakanyaga. Miguu tu! Halafu pumzi: vuta, shusha, vuta, shusha. Halafu neno moja, "Njoo!"

"Polepole," Siwema akasema. "Kila mtu amsikie jirani yake."

Walioshika upesi akawapanga kati ya waliochelewa. Mahali walipokosea akaparudia hapo hapo tu, bila kufoka. Akaimba mstari, wakajibu. Akaongeza mmoja, wakajibu. Jua lilipofika utosini, walikuwa na ubeti mmoja, lakini ubeti uliosimama!

Radi ikapiga. Tone la kwanza likamwangukia Siwema puani.

"Tuvute sasa hivi!" akasema. "Ubeti mmoja unatosha!"

"Mvule ee!"

— Njoo!

"Shuka mlima ee!"

— Njoo!

Krrr! Gogo likatikisika. Krrr! Likatembea! Watoto wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Krrr! Krrr! Mara, kwaa! Likakwama kwenye jiwe, karibu kabisa na mto. Watu wakaingiwa na hofu, wakaanza kukimbiza wimbo. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Kamba ikalia.

Siwema akafumbua kinywa apige kelele. Akakifumba. Akainua mkono, akakanyaga taratibu, akaimba chini chini. Walio karibu wakanyamaza ili wamsikie. Walio mbali wakawafuata. Ngo! Pandu akaingia. Pumzi themanini zikavutwa pamoja.

"Mvule ee!"

— NJOO!

Krrrrr! Gogo likaruka jiwe, likateleza, likavuka mto, kishindooo! Kichwa ng'ambo ile, mguu ng'ambo hii! Mvua ikamwagika, na watu wakacheza ndani yake.

Siwema, amelowa chapachapa, akamkimbilia Bibi Mkejina.

"Bibi, umewasikia? Umewasikia walivyoimba?"

"Nimewasikia," Bibi akasema. "Na wewe?"

"Nimemsikia kila mmoja wao!"

Bibi akamshika mkono. "Basi nenda kawafundishe zile beti sita zilizobaki."

Wenzangu, anayefundisha wimbo huanza kwa kufungua sikio lake, ndipo afungue vinywa vya wengine. Na hapa hadithi yangu inaweka kamba chini.