Pembe ya Mfereji

Zimeni kwanza hiyo simu, wanangu. Nimemsikia huyo padri. Juzi mlinisikilizisha mwingine, na anayesemwa ni Baba Mtakatifu yule yule. Nimechoka. Mnaniuliza padri ana haki ya kumsema Papa mbele za watu? Mimi kusoma sijui. Nitawaambia habari ya mfereji.

Kule kwetu mlimani kulikuwa na mzee mmoja, mwenye mfereji. Migomba yetu yote ilinywa kwa zamu, na zamu aliipanga yeye. Mwanawe mkubwa ndiye aliyeshika pembe ya kuitia watu. Pembe ikilia, unaacha ulichoshika, unabeba jembe, unakwenda mferejini. Haikupigwa kwa jambo jingine, hata harusi.

Mwaka mmoja jua lilikuwa kali. Mzee akasema watu wa bondeni nao wapewe maji, ingawa babu zao hawakuchimba. Mwanawe akaona ni kosa, maji yakizidi ukingo utabomoka. Na kweli ulikuwa na ufa, aliuona kwa macho yake. Je, alimwendea baba yake? Uji wanakunywa jiko moja kila asubuhi! Hakumwambia. Alipanda kilimani akapiga pembe.

Tukaja mbio na majembe. Hakuna cha kuchimba. Akatuambia pale baba yake kazeeka, maji yetu anagawa ovyo. Wengine wakapiga makofi, wengine wakasema huyu hana adabu. Mzee aliyasikia yote akiwa uani kwake. Angeyafunga maji siku ile, si ingeonekana kaamriwa na mwanawe? Akayaacha yaende bondeni.

Kesho yake pembe tena. Keshokutwa tena. Watu wakawa wanakwenda kushangilia na kuzomea, majembe wameacha nyumbani. Mwishowe hawakwenda kabisa.

Ndipo ukingo ukabomoka, mchana kweupe. Pembe ikalia mpaka mpigaji akakauka koo. Kila nyumba wakasema, hao wanagombana tena. Aliyetokea na jembe ni mmoja tu, yule mzee.

Wakachimba wawili, matope kiunoni.

"Baba, si nilisema?"

"Ulisema. Uliwaambia wote, isipokuwa mimi."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia. Mara mbili ningekukatalia, ya tatu ningekwenda kuuangalia huo ufa. Haya, piga pembe yako, tuone nani anakuja."

Migomba ya juu ilikauka, ya bondeni ikakauka.

Sasa sisi. Simwambii mtu anyamaze. Papa naye ni mtu, na padri anayeuona ufa akauficha, kakosa vile vile. Lakini amwendee. Akikataliwa, arudi tena. Ile altare alipewa atuitie maji. Akiigeuza mahali pa kumsema baba yake, siku ya kuitwa kweli tutakuja?

Na msimwachie padri lawama peke yake. Siku ya pili, ya tatu, nani alimfuata yule mwenye pembe kule kilimani kusikiliza? Si ndiyo hii simu mnayopokezana? Mimi nilipanda. Nilicheka na wenzangu.

Na siku ile ukingo ulipobomoka, pembe niliisikia vizuri kabisa. Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.