Hodi ya Jini Nyumbani kwa Shinuna

Hapo kale mji wa Zumaridia ulikuwa chini ya Sultani Ghailani, mwenye pete iliyofunga jini, na humo aliishi Shinuna, mtengeneza udi, na mumewe Mundhiri, nao kwa hiari yao hawakutaka kuzaa, bali walilea paka wa kijivu, swala kilema na kasuku, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake na saa yake ya kula.

"Mwanangu, paka ndiye atakayekuzika?" mama mkwe alimwuliza.

"Mama, mimi simlei yeyote ili anizike," akajibu Shinuna.

Habari zikamfikia Sultani, naye, akihofia kukosa askari siku za usoni, akaamuru ibomolewe kila nyumba ya wanandoa waliokaa miaka saba bila mtoto. Mundhiri akashauri waazime mtoto wa jirani. Shinuna akakataa.

Ijumaa baada ya sala jini wa pete, aliyetumwa kuibomoa nyumba yao, akawasili, mrefu kushinda mnara, na kwa kuwa ada ya mji iliwabana hata majini, akabisha hodi. Shinuna akanyamaza, kwani hodi tatu zisipojibiwa mgeni hurudi alikotoka. Ya kwanza ikapita, na ya pili, na kwa ya tatu kasuku akasema kama alivyomsikia Shinuna akisema kila siku, "Karibu, mgeni. Umekula?"

Shinuna akafumba macho, kisha akaenda kupakua wali, kwa kuwa mgeni amekwisha kukaribishwa. Na jini, ambaye kwa miaka mia tisa ya kutumwa hakuna aliyemwuliza hivyo, akaketi akala, na aliyekula chakula cha nyumba hawezi tena kuibomoa.

Sultani, alipoona jini harudi, akaja mwenyewe na shoka. Kasuku akamwuliza vilevile, naye kwa haya akaketi, na paka akalala juu ya joho lake.

"Bwana wangu, ukuta unaweza kuuvunja," akasema Shinuna, "lakini sitazaa kwa amri. Hawa watatu niliwachagua, na kila alfajiri nawachagua tena."

Sultani, aliyekuwa na watoto arobaini na majina yao hakuyajua yote, akakaa mpaka alasiri, asithubutu kumwamsha paka. Alipoinuka alifuta amri, akampa Shinuna bustani ya miti ya udi, akamwacha huru jini, ambaye hurudi kula kila Ijumaa.

Basi wewe uliyesikiliza, ukipita kwenye nyumba isiyo na mtoto, bisha hodi kama unavyobisha kwingine. Wenyewe wamo.