Kanga na Habari za Mkuyuni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Kiota majanini!

Basi sogeeni, niwape yaliyompata mwenye kiota.

Hapo zamani za kale alikuwapo Kanga. Alitaga mayai kumi na mawili kwenye majani marefu, akayaatamia. Jirani yake alikuwa Nungunungu, aliyekaa shimoni hatua chache kutoka hapo. Kila asubuhi waliamkiana, wakaulizana walivyolala, kisha kila mmoja akashika kazi yake.

Siku moja Kanga alikwenda mtoni kunywa maji. Akamkuta Kasuku juu ya mkuyu, na chini wanyama wamejaa tele. Kasuku alikuwa akiimba:

Lipo jipya, lipo jipya,
Ukichelewa limekupita!

Kanga akasema, "Nisikie moja tu, nirudi."

Akasikia la Fisi kukimbiwa na mkewe. Akasikia la Tumbili na ndizi za wizi. Akasikia la Ngiri na Sungura kutukanana. Aliporudi, mayai yalikuwa vuguvugu.

"Jirani, leo umekawia," Nungunungu akasema.

"Mtoni kulikuwa na foleni," Kanga akajibu.

Siku ya pili kiu hakuwa nayo, lakini alikwenda. Kasuku alipomwona akapaza sauti, "Jamani, mtazameni Kanga! Nani mwingine ana madoa kama yale?"

Wanyama wakashangilia. Kanga akageuka upande huu, wakashangilia. Akageuka upande ule, wakashangilia. Moyo wake ukawa mwepesi kama unyoya.

Aliporudi, mayai yalikuwa baridi. Kanga akaatamia, lakini masikio aliyaacha mkuyuni. Je, bado wanamsifu?

Siku ya tatu aliondoka umande haujakauka. Lo! Siku hiyo sifa zote zilikuwa za Korongo. Kanga akageuka upande huu, kimya. Akageuka upande ule, kimya.

"Ngoja kidogo," akajiambia. "Zamu yangu itafika."

Akangoja mpaka jua likawa utosini. Ndipo Kasuku akaanza tena:

"Lipo jipya, lipo jipya! Kenge yuko majanini, anapigania mayai na Nungunungu!"

Wanyama wakaangua kicheko. "Tusimulie tena, Kasuku! Tena!"

Kanga hakungoja mwisho. Alikimbia, akaruka, akaanguka, akakimbia tena.

Akamkuta Nungunungu amekizunguka kiota, miiba imesimama wima. Mguu wake mmoja ulikuwa unavuja damu.

"Kenge amekwenda zake na miiba mitatu mdomoni," Nungunungu akasema, akihema. "Hesabu mayai yako."

Kanga akahesabu. Kumi na mawili. Akalia kwa kwikwi.

"Mbona hukuniita, jirani?"

"Nilikuita, mwenzangu. Nilikuita mara tatu. Huko kulikuwa na kelele."

Kanga akainamisha kichwa. "Nilikudanganya juu ya ile foleni. Nawe umetoa damu kwa ajili ya wanangu. Asante, jirani. Ni neno dogo, lakini ndilo nililonalo."

Akanyonyoa manyoya laini ya kifuani mwake, akayatandika chini ya ule mguu. Kisha akaketi juu ya mayai yake.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kasuku hakuacha kuimba, na miguu ya Kanga iliwasha kwelikweli. Ikimwasha, alisema, "Jirani, nizungumzishe." Nungunungu akamzungumzisha: habari za mizizi mitamu, habari za mvua inayokuja. Siku zikapita, na miguu ikapoa.

Mayai yakaanguliwa, yote kumi na mawili. Nungunungu ndiye aliyeonyeshwa vifaranga kabla ya mtu mwingine yeyote. Walipojua kuparura ardhi, kila asubuhi walimfukulia mizizi, wakampelekea mlangoni, maana alikuwa bado anachechemea.

"Mama mkubwa, kula!" wakamwambia wote kwa pamoja.

Na Nungunungu akala, huku Kanga amekaa kando yake, akishukuru moyoni.

Wanangu, mkuyu wa siku hizi mnatembea nao mfukoni, na habari zake hazina mwisho. Wanaokushangilia huko leo, kesho watamshangilia mwingine. Lakini anayekulindia mayai yako ni jirani. Mwitikie anapokuita, na mshukuru angali yupo.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo kwake.