Nyumba Inayopumzika Mchana

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale alikuwapo Nungunungu mmoja na mwanawe. Walikaa shimoni kando ya mto. Usiku walitoka kutafuta mizizi, mchana walilala fofofo. Ndivyo nungunungu wote walivyo, tangu wazaliwe mpaka wafe.

Basi mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukafura, ukapanda, ukaingia shimoni, bwi! Nungunungu akamsukuma mwanawe mbele kwa pua, wakatoka wameloa chapachapa. Shimo likabomoka nyuma yao. Wakawa hawana kwao.

Lakini nchi ile ilikuwa na huruma, jamani! Huruma tele! Juu ya kilima wanyama walikuwa wamejenga Nyumba ya Hifadhi, ya kuwapokea kwa muda waliokosa makazi. Nyumba kubwa, kavu, imeezekwa nyasi mpya. Msimamizi wake alikuwa Bwana Mbuni, shingo juu, manyoya yamechanwa.

"Hodi!"

"Karibu, mama, karibu sana! Pole kwa yaliyowakuta. Hapa ni kwenu. Jua likizama mnaingia, jua likichomoza mnatoka."

"Tunatoka kwenda wapi, Bwana Mbuni?"

"Kutafuta makazi. Na mchana nyumba nayo inapumzika."

"Sisi hulala mchana, bwana. Usiku macho yetu hayafumbiki."

Mbuni akacheka kwa upole. "Mtazoea," akasema.

Hawakuzoea. Jua likizama wanaingia, wanakaa macho makavu, kimya, wasije wakawaamsha wageni wenzao. Kutoka kutafuta mizizi hawawezi, mlango umefungwa. Jua likichomoza, usingizi ndio kwanza unawashika, Mbuni anagonga kwa mdomo, ko! ko! ko!

"Amkeni, wageni wetu wapenzi! Amkeni mtoke!"

Wanatoka. Wanajibanza chini ya kijiti kisicho na majani. Mama anakaa macho kumlinda mtoto, mtoto anasinzia amesimama.

"Mama, mimi nalala nikitembea," mtoto akasema.

"Jikaze, mwanangu."

Alikuwa amekonda, na miiba yake bado ilikuwa laini kama nyasi. Asubuhi moja Tai akamwona kutoka juu. Akashuka, vuuu! Mama akainua miiba, chaka-chaka-chaka, akamrudia Tai kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Tai akaruka akipiga kelele. Lakini bega la mtoto lilikuwa limechanika, damu inatoka.

Nungunungu akakimbilia mlangoni.

"Bwana Mbuni, fungua! Mwanangu ameumia!"

"Lo, maskini!" Mbuni akasema kutoka dirishani. "Pole sana, mama. Jioni mkija tutampaka dawa."

Hata hajamaliza kusema, ngoma zikalia, ndu-ndu-ndu! Mheshimiwa Tembo, mkuu wa nchi, amekuja kukagua Nyumba ya Hifadhi. Wanyama wote nyuma yake. Mbuni akafungua mlango wazi. Tembo akaingiza kichwa. Akatazama huku, akatazama kule.

"Mbona hamna mtu?"

"Ndiyo furaha yetu, mheshimiwa. Hamna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Tembo machozi yakamlengalenga. Akawageukia wanyama. "Ndugu zangu! Nchi yetu haina tena asiye na makazi!"

Vigelegele! Ngoma, ndu-ndu-ndu! Nungunungu akapenya katikati ya miguu yao, mtoto ubavuni.

"Mheshimiwa, mimi sina."

Ngoma zikanyamaza.

"Huyu ni nani?" Tembo akauliza.

"Mgeni wetu, tena mgeni bora," Mbuni akajibu. "Usiku kucha hakoromi."

"Basi mfungulie aingie apumzike."

"Sheria hairuhusu, mheshimiwa."

"Sheria gani hiyo? Nani kaitunga?"

"Wewe, mheshimiwa."

Tembo akakohoa. Akatazama mkonga wake. "Basi ni sheria nzuri," akasema, na ngoma zikaendelea.

Nungunungu akarudi nyuma polepole. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu sherehe ya watu.

Alipofika nyuma ya kilima, udongo ukatikisika. Kikatoka kichwa chenye masikio marefu na pua ndefu. Alikuwa Muhanga, mla mchwa, mchimba mashimo. Amekasirika kweli.

"Nani anapiga ngoma watu wamelala?"

"Wanasherehekea, kaka. Wanasema kila mtu amepata makazi."

"Na wewe mbona uko juani na mtoto anatoka damu?"

"Mimi sijapata."

Muhanga akapiga miayo. "Pale mteremkoni nina shimo nililolihama. Ni kavu. Ingieni."

"Tuingie saa ngapi, kaka? Tutoke saa ngapi?"

Muhanga akashangaa. "Kwani nyinyi mnalala saa ngapi?"

Tangu mto ufurike, hakuna aliyemuuliza hilo. "Mchana, kaka," Nungunungu akajibu.

Wakaingia. Akamlamba mtoto kidonda, akamlaza, akajilaza mlangoni. Juu yao ngoma zikadunda, vumbi likawadondokea. Wapi! Hawakusikia kitu.

Wakakaa humo mpaka bega likapona na mvua zikakatika, kisha Nungunungu akachimba shimo lake mwenyewe mahali pa juu. Habari zikamfikia Mbuni. Akampelekea Tembo, kwamba mgeni mwingine amefanikiwa kwa msaada wa Nyumba ya Hifadhi. Mbuni akavishwa shada la maua. Muhanga hakualikwa. Hata angealikwa asingekwenda, sherehe ilikuwa mchana.

Watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ukitaka kumsitiri aliyekosa pa kulala, kwanza muulize analalaje. Kisha mfungulie wakati anapohitaji yeye, si wakati unaokufaa wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda na ampelekee mwenzake.