Bakuli la Pili la Bibi Kuka

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi maana simu zilikuwepo na zilishaanza kuleta balaa, Sekela alikuwa ameinamia beseni anafikicha mahindi. Yalikuwa yamechemshwa na chokaa yakalala humo usiku kucha, yakawa ya manjano, yanateleza, maganda yanavuka yenyewe. Yakishafikichwa yanasuuzwa. Yakishasuuzwa yanasagwa mabichi. Yakishasagwa yanatoa chapati nyembamba ambazo watu wa Meksiko huziita tortiya, na bila tortiya mgahawa wa Sekela ungekuwa mgahawa kama mingine yote ya Tukuyu.

Mumewe, Eleuterio, alikuja kutoka Meksiko kuchimba visima. Akachimba, akaoa, hakuondoka. Wakafungua mgahawa wa meza chache karibu na stendi, na ukutani wakaandika kwa rangi nyekundu: KWA KUKA. Kuka ni mama yake Eleuterio. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Sasa Eleuterio aliingia jikoni na simu mkononi, uso umempauka.

"Mama Tumpe, mama ametua uwanja wa Songwe."

"Anatua Jumapili."

"Ametua sasa hivi. Anauliza mbona haoni mtu."

"Wewe si ulisema Jumapili?"

"Aliponipigia nilikuwa natazama mpira."

Yapo maneno ambayo mke huyahifadhi kama sabuni, yatakuja kutumika. Sekela alinawa mikono, akavua aproni, akatafuta kitenge kisicho na doa la nyanya. Mama mkwe hapokelewi na mwanamume peke yake.

Na huyu hakuwa anakuja kutembea tu. Alikuwa anakuja na chungu. Chungu hicho alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, na sharti lake lilikuwa moja: anakipata yule ambaye chakula chake kitamfanya mwenye chungu arudishe bakuli lijazwe tena. Bibi Kuka hasifu wala halaumu. Hula bakuli moja, hufuta mdomo, hushukuru. Wake wa wanawe wengine walimpikia mpaka wakachoka, na hakuna aliyerudishiwa bakuli. Kwa Sekela aliongeza sharti jingine kwa simu: asiporudisha bakuli, chungu anaondoka nacho, na jina lake lifutwe ukutani.

Sekela alikuwa ameamkia jina hilo kabla ya jogoo kwa miaka mingi. Alikitaka chungu. Hakujidanganya kwamba hakitaki.

Mlangoni alimkuta mama yake mzazi, Bibi Tusekile, aliyekuwa amewaletea parachichi kutoka kijijini.

"Mama, kaa upumzike. Usiguse kitu jikoni."

"Nimekuja kukaa tu, mwanangu."

Kumwambia Bibi Tusekile akae ni sawa na kuiambia mvua ya Tukuyu isubiri watu waanue nguo. Isitoshe, Sekela hakuwahi kumweleza mtu habari za chokaa, hata mama yake, kwa sababu mama yake yumo kwenye kwaya, na likishafika kwenye kwaya linafika kwa mama ntilie wa upande wa pili wa barabara kabla ya magharibi.

Gari lilipoondoka, Bibi Tusekile akachungulia jikoni. Akaona beseni. Akachota kiganja, akanusa.

"Yesu wangu! Mahindi yamechacha. Na mkwe ndiye huyo anakuja! Atasema nilimlea mtoto mchafu?"

Akayasuuza yakang'aa. Akatafuta maharage ili apike kande, akayakuta yameshapondwapondwa kama uji wa mgonjwa, akayasikitikia pia. Akaona nyama ya nguruwe. Akaikata, akaitumbukiza pamoja na mahindi, akatia vitunguu saumu na chumvi, akafunika, akakaa kwenye kigoda kuchochea moto. Alikuwa ametii nusu: alikaa.

Kwenda Songwe na kurudi si mchezo. Waliporudi giza lilikuwa linaingia, na Bibi Kuka, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, alishuka amekumbatia chungu kilichovishwa sweta. Njia nzima alikataa kiwekwe nyuma ya gari. Akasimama, akautazama ukuta, akasema maneno mengi ya Kihispania.

"Anasema pamependeza," Eleuterio akatafsiri.

Tumpe, binti yao, alikuwa amesharudi kutoka shuleni. Kihispania alikinyonya kwa baba yake. "Hajasema hivyo, baba. Amesema herufi zimepinda, na kwamba angeombwa angekataa."

Sekela akakimbilia jikoni. Beseni lilikuwa limeoshwa, limeegeshwa ukutani.

"Mama! Mahindi yangu yako wapi?"

Bibi Tusekile akamshika mkono kama mtu anayemficha mwizi. "Nyamaza, wasikusikie. Nimekuokoa. Yalikuwa yameharibika, nimepika kande."

Sekela akakaa chini, sakafuni, na kitenge chake kisicho na doa. Mahindi mengine yangehitaji kulala usiku mzima. Akilini akaliona jina la ukutani limeshapakwa chokaa ileile.

Eleuterio akafunua sufuria. Akachota punje moja: ilikuwa imepasuka na kuchanua kama ua. Akafunika, akafunua tena.

"Kwetu hii ni posole," akasema. "Chakula cha sherehe. Sijaila tangu niondoke."

"Miaka yote hii hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza."

Hilo nalo Sekela akaliweka kwenye hifadhi.

Eleuterio akaloweka pilipili nyekundu kavu, akazisaga, akazikaanga, akazimimina sufuriani, na kande nyeupe ikawa nyekundu kama udongo wa barabarani. Akakata kabichi nyembamba, akakata limau, akamenya parachichi. Jiko zima likapiga chafya.

Bibi Kuka akapewa bakuli. Akala, macho kwenye bakuli. Akamaliza. Akafuta mdomo. Sekela akaanza kuwaza bei ya rangi ya kufutia jina.

Kisha Bibi Kuka akalisukuma bakuli mbele, taratibu, mpaka katikati ya meza.

"Amesema ajaziwe," akasema Tumpe.

"Hilo nimelielewa," akasema Sekela, na akadaka mwiko kabla hajapona mshtuko. "Basi chungu ni changu. Mahindi ni yangu, chokaa ni yangu, mikono iliyofikicha ni hii. Mahindi makavu ya dukani mngeyachemsha mpaka Krismasi, yasingechanua."

Bibi Tusekile akakohoa. Kwa mila ya kwao hasemi na mkwewe Eleuterio moja kwa moja, hata akiwa amekaa mbele yake, kwa hiyo alimgeukia binti yake. "Mahindi yalikuwa kwenye beseni. Nani aliyala kwenye beseni? Aliyepika ni mimi. Mwambie na mumeo hivyo."

"Ulipika kwa kudhani yameoza, mama!"

"Na nani alinificha kwamba hayajaoza?"



"Mwambie mama yako," Eleuterio naye akapitia kwa mkewe, "kwamba ile ilikuwa kande. Hata siku moja mama yangu asingerudisha bakuli la kande. Mimi ndiye niliyejua ni nini. Mimi ndiye niliyetia pilipili."

"Wewe," akasema Sekela, na sasa akafungua hifadhi, "ndiye uliyetazama mpira."

"Nisingetazama mpira, ungekuwa nyumbani, tungekula tortiya, na mama angekula bakuli moja kama kawaida yake."

"Tumsifu basi refa!" akasema Bibi Tusekile, akasahau kupitia kwa mtu.

Tumpe alikuwa anamtafsiria bibi yake yote, na matusi madogo hakuyaruka. Bibi Kuka alicheka mpaka akashika ubavu. Akakivua chungu sweta, akakiweka katikati ya meza, kikiwa cheusi, kimemeguka ukingoni. Kisha akasema, na Tumpe akafuata neno kwa neno:

"Chungu ni kimoja na hakikatwi. Aliyeandaa hakukusudia hiki. Aliyepika hakujua anapika nini. Aliyejua hakupika. Jina libaki ukutani, ila herufi zinyooshwe. Na mwenye chungu atanipikia mimi kila Jumapili, maana nimepapenda, sijui nitaondoka lini. Mimi nakula. Nikimaliza bakuli hili mniambie ni nani."

Eleuterio akakumbuka kwamba mpira huchezwa Jumapili. Bibi Tusekile akakumbuka kwaya. Sekela akakitazama chungu, akaitazama mikono yake iliyokauka kwa chokaa, akaanza kugawa chakula, kwa sababu watu watagombana lakini watakula.

"Bibi, na bibi, na baba, na mama, na mimi," akahesabu Tumpe. "Wote tupo."

"Basi kaa ule," akasema mama yake.

Wakala. Bibi Kuka alikuwa amebakiza vijiko vichache. Haya, nanyi mliokaa hapa mnasikiliza, semeni upesi kabla bakuli halijaisha: aliyeloweka mahindi, aliyepika au aliyetia pilipili, nani alistahili chungu?